Kikao cha ukoo na ufunguo wa nyumba: uchambuzi wa kisa cha wajane E.S. na S.C.

Ukitaja watu wasio na makazi, wengi huwaza kijana aliyejikunja kwenye baraza la duka usiku, au mtoto wa stendi mwenye chupa ya gundi. Mama anayelala jikoni kwa kaka yake na watoto watatu, mabegi yakiwa yamefungwa vilevile alivyokuja nayo, hawamfikirii. Hahesabiwi popote. Lakini ukifuatilia alikotoka yule mtoto wa stendi, si mara chache utafika kwenye jikoni hilo, na ukirudi hatua moja nyuma utakuta nyumba ambayo baba alifariki na mama akaambiwa aondoke.

Kisa tunachochambua ni cha wajane wawili wa Tanzania. Kumbukumbu za Umoja wa Mataifa zinawataja kwa herufi tu: E.S. na S.C. Wote wawili waliolewa kwa mila za Kisukuma, wakafiwa na waume zao wakiwa na watoto wadogo. Ndugu wa mume ndio walioshika usimamizi wa mali, na kila mmoja akatakiwa aondoke na watoto wake kwenye nyumba aliyoishi na mumewe. Yaliyowapata yanawapata wajane wengi. Tofauti yao ni kwamba walikataa kunyamaza, wakapeleka shauri Mahakama Kuu, na kwa hiyo kila kiungo cha mnyororo kimeandikwa.

Kanuni ya 27

Mashemeji hawakuwa wezi wa usiku. Walikuwa na karatasi ya serikali mkononi: Tangazo la Sheria za Mila, Na. 436 la mwaka 1963. Serikali ya Tanganyika huru ilitaka kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe sheria moja iliyoandikwa. Kazi hiyo ilianza chini ya Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeitumikia serikali ya kikoloni na aliyezijua mila za Wasukuma kuliko wageni wengi wa wakati wake. Alifariki 1962 kabla tangazo halijatoka.

Jedwali la Pili la Tangazo linahusu urithi. Warithi wamepangwa kwa daraja tatu: daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, la pili ni wana wengine wa kiume, na la tatu, lenye fungu dogo kuliko yote, ni mabinti. Mjane hayumo. Kanuni ya 27 inasema hana sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Kanuni hiyo ilitoka kwenye maisha yenye mantiki yake. Ardhi ilikuwapo ya kutosha, boma lilikuwa la ukoo, na mjane aliyebaki bomani alilishwa na ng'ombe na mashamba ya ukoo huo huo. Aliyechukua mali alichukua na mzigo wa watu. Kosa lilikuwa kugandisha upande mmoja wa mila kwenye karatasi na kuuacha upande wa pili uyeyuke. Leo nyumba ni ya matofali ya kuchoma na bati, imejengwa kwa fedha za pamba, za duka au za cherehani, mke na mume wakibebana. Shemeji anayeichukua anaishi Kahama au Dar es Salaam na hana nia ya kulisha mtu. Mila iliyobaki ni ile ya kuchukua. Ile ya kutunza haina kanuni yenye namba wala hakimu wa kuisimamia, na watoto wanaotakiwa kumtunza mama yao wana miaka mitatu.

Miaka ya mahakamani

Shauri lao lilikuwa la kikatiba: waliomba Mahakama Kuu itamke kwamba kanuni hizi zinapingana na Katiba, ambayo ibara ya 13 inakataza ubaguzi na ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Hukumu ilitoka Septemba 2006. Mahakama ilikubali waziwazi kwamba kanuni zinambagua mwanamke, kisha ikakataa kuzifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba mila hazibadilishwi kwa hukumu, na kwamba kuifuta hii kungefungua njia ya kuzikokota mahakamani mila za makabila yote zaidi ya 120 ya nchi. Mabadiliko, ilisema, yaanzie kwenye halmashauri za wilaya.

Wakakata rufaa. Mahakama ya Rufani ilichukua takriban miaka minne, na Desemba 2010 ikaitupa rufaa kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri ya Mahakama Kuu. Kasoro hiyo ilifanywa na mahakama, si na wajane. Wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, pamoja na kliniki ya haki za wanawake ya Chuo Kikuu cha Georgetown, walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Tarehe 2 Machi 2015 kamati iliamua kwamba Tanzania imevunja mkataba huo. Ilitaka wajane walipwe fidia na sheria za mila zinazobagua zifutwe au zirekebishwe, na ikataka pia mahakimu wafundishwe na wazee wa mila washirikishwe kwenye mazungumzo.

Tangu hukumu ya Mahakama Kuu hadi uamuzi wa kamati ilipita miaka minane na nusu, na miaka kadhaa baada ya hapo Tangazo la 1963 lilikuwa bado halijafutwa. Mtoto aliyetolewa nyumbani akiwa mgongoni kwa mama alikuwa tayari amemaliza shule ya msingi. Tunasisitiza muda huu kwa sababu watu wengi wema, wakisikia habari ya mjane aliyefukuzwa, husema aende mahakamani. Aende, ndiyo. Ila nyumba yenyewe huwa imeshaondoka mapema, kwenye wiki sita za kwanza baada ya mazishi, kwenye kikao kinachofanyika chini ya mwembe yeye akiwa chumbani na kanga ya msiba kichwani. Msaada wa jamii unaofika baada ya wiki hizo hufika kwa machozi na gharama. Unaofika ndani ya wiki hizo mara nyingi hauhitaji hata nauli.

Nyumba inavyoondoka

Ni vizuri kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua ina mahali pa kuizuia.

Mara nyingi huanza hata kabla ya maziko. Mtu anayeaminika katika ukoo anachukua kwa usalama kitambulisho cha marehemu, kadi ya benki, kadi ya pikipiki na karatasi za kiwanja. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu nyumba imejaa wageni. Mjane naye anaona ni msaada.

Kisha cheti cha kifo. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na anayekwenda kuandikisha ndiye anayeondoka na cheti. Shemeji akienda peke yake, cheti kinakaa kwake. Bila cheti mjane hawezi kufungua mirathi, hawezi kudai mafao kazini kwa mumewe, hawezi hata kuuliza benki.

Halafu kikao cha ukoo. Tuangalie karatasi yenyewe: kurasa mbili za daftari, juu pameandikwa "Muhtasari wa kikao cha ukoo wa marehemu", tarehe, kisha orodha ya waliohudhuria yenye namba, jina, uhusiano na sahihi. Katika muhtasari unaomfukuza mtu, safu ya uhusiano imejaa kaka, baba mdogo, binamu, shangazi. Jina la mjane halipo, au lipo mwishoni na mbele yake kuna dole gumba lililochovywa wino wakati alipoletewa karatasi chumbani. Chini yake kuna sentensi moja inayomaliza kazi: kikao kimempendekeza ndugu fulani kuwa msimamizi wa mirathi. Pembeni, muhuri wa mtendaji.

Sheria haijaandika popote kwamba muhtasari huo ni sharti la kumteua msimamizi. Mahakama nyingi huudai kwa mazoea, kwa kuwa unamwonyesha hakimu kwamba familia inajua. Ndiyo maana karatasi hii isiyo na nguvu ya kisheria ina nguvu kubwa kuliko nyingine zote.

Mahakama ya mwanzo ikishamteua msimamizi, hapo ndipo neno moja linaloeleweka vibaya linapozaa balaa. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudi mahakamani na hesabu. Kanuni za mahakama za mwanzo zinamtaka alete Fomu namba V ya orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, au muda zaidi akiongezewa na mahakama, na baada ya hapo Fomu namba VI ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Vijijini wengi huichukua barua ya uteuzi kama hati ya umiliki. Anairudia nyumba, anabadilisha kufuli, na miezi minne inapita bila fomu yoyote kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuuliza.

Hatua ya mwisho inafanyika mchana kweupe: bati. Paa likiezuliwa hakuna haja ya kumfukuza mtu, mvua ya kwanza itafanya kazi hiyo. Ukiona bati zinashushwa kwenye nyumba yenye msiba wa mwezi uliopita, huo ndio wakati wa kumwita mwenyekiti wa kitongoji, siyo kesho.

Akishatoka, mjane haanguki barabarani siku hiyohiyo. Kwanza ni kwao, ambako kaka zake wameshaoa kwa ng'ombe wa mahari yake na vyumba vimejaa. Kisha chumba cha kupanga mjini, kinacholipiwa kwa mama lishe au kwa kuponda kokoto. Kodi ikishindikana mara mbili, watoto wanagawanywa: mmoja kwa bibi, mmoja kazi za ndani, yule mkubwa wa kiume anapanda basi la Mwanza. Hapo ndipo jamii inapomwona kwa mara ya kwanza na kuuliza amezaliwa na nani.

Kuna hatari nyingine ambayo Usukuma inaijua vizuri mno. Mjane mzee anayeng'ang'ania shamba anaweza kuanza kuitwa mchawi, macho mekundu ya moshi wa jikoni yakageuzwa ushahidi. Uvumi wa namna hiyo ukianza wakati kuna mgogoro wa ardhi, uchukuliwe kama tishio la maisha na upelekwe polisi mara moja, wala usiachwe uishe wenyewe.

Mjane mmoja, mafungu matatu

Watu wengi hawajui kwamba kuchagua mahakama ni kuchagua sheria. Tuseme marehemu ameacha mke mmoja na watoto, na mali ya shilingi milioni 24. Kwa Tangazo la mila, mjane hapati kitu. Kwa sheria ya Kiislamu anapata thumni, yaani moja ya nane, kwa sababu kuna watoto: milioni 3. Pasingekuwa na watoto angepata robo. Kwa sheria ya serikali, ambayo mpaka sasa ni ile ya urithi ya India ya mwaka 1865 iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, anapata theluthi moja: milioni 8, na theluthi mbili zinakwenda kwa watoto. Nyumba ni ileile, ndoa ni ileile.

Mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au Uislamu. Inayofuata sheria ya serikali huenda mahakama za juu yake, kuanzia ya wilaya kwa mali ndogo. Kwa hiyo shemeji anayekimbilia mahakama ya mwanzo siku ya ishirini, hata kama marehemu alikuwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi mjini miaka yote, anakuwa ameshaisukuma mirathi kwenye mila kabla mjane hajavua kanga ya msiba. Mjane ana haki ya kuweka pingamizi. Kinachoangaliwa ni mwenendo wa maisha ya marehemu: alifungaje ndoa, aliishije, alizikwaje, aliwahi kutamka au kuandika nini. Cheti cha ndoa, kadi ya usharika, barua ya mchungaji na ushahidi wa majirani ndivyo vitu vya kubeba.

Lipo pia swali linalotakiwa kuulizwa kabla ya hesabu yoyote: ni mali gani hasa ya marehemu? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hilo lilikuwa la talaka. Upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inatambua kwamba mwanandoa aliyechangia kwa jasho lake kuiendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake anapata maslahi ndani yake. Mjane asimame na kusema sehemu hii ni yangu, haimo kwenye mirathi, na alete risiti za saruji, mafundi waliojenga, na waliomwona akibeba maji ya tofali.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inamwacha mjane huru kuishi anapotaka na kuolewa au kutoolewa. Kumrithi kwa nguvu kama sharti la kubaki nyumbani ni kinyume cha sheria hiyo. Mahakama imewahi kuonyesha kwamba inawezekana: mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory kutoka Buhaya, alikataa kanuni ya mila iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo. Miaka 16 baadaye wajane wetu wawili walipata jibu lingine.

Wiki sita za jamii

Mtu mwenye nguvu kuliko wote katika kisa cha namna hii ni yule mwenye muhuri. Mtendaji wa kijiji au mtaa na mwenyekiti wa kitongoji wanaweza kujiwekea utaratibu rahisi: hakuna muhuri kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo kama mjane hakuwepo kikaoni, akasomewa kila neno kwa sauti mbele ya mtu wake mmoja, na akatia sahihi mwenyewe. Watoto wote watajwe kwa majina na umri, wakiwamo wa nje ya ndoa. Nyumba anayoishi mjane itajwe kuwa ni makazi yake na ya watoto. Vijiji vinaweza kuupitisha utaratibu huu kwenye mkutano mkuu na kuuandika kwenye muhtasari, ili mtendaji akihama unabaki. Hauhitaji bajeti wala sheria mpya, na unaziba tundu ambalo nyumba nyingi hupitia.

Majirani wana kazi ya siku tatu za kwanza. Wanawake wawili wanaoaminika wakae na mjane, wakimsaidia kuweka pamoja karatasi: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, karatasi za kiwanja, kadi za vyombo vya moto, namba za akaunti. Zipigwe picha kwa simu pande zote mbili, zitumwe kwa mtu mwingine aliye mbali na ukoo, halafu zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa kwa jirani. Waandike pia vitu vya ndani na vya nje: mifugo kwa idadi na rangi, plau, baiskeli, cherehani, magunia ya mpunga, idadi ya bati. Orodha hiyo yenye tarehe na sahihi za mashahidi wawili ndiyo itakayosomwa sambamba na Fomu namba V miezi minne baadaye. Bila orodha, ng'ombe 11 huwa ng'ombe 4.

Kama hakuna cheti cha ndoa, watu wasikate tamaa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinadhania kuwapo kwa ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana kuwa mke na mume, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Majina ya wazazi kwenye vyeti vya watoto, barua ya mahari, rejista ya shule na ushahidi wa balozi wa nyumba kumi vinaijenga. Mtoto asihamishwe shule haraka kwa sababu ya msiba. Rejista yenye anuani ya nyumba ile nayo ni ushahidi.

Vikoba vingi vina mfuko wa jamii unaochangia misiba, na fedha zote huishia kwenye mchele na maharage. Sehemu ndogo ya fungu hilo itengwe kwa cheti cha kifo, nakala, nauli ya kwenda mahakamani na picha za pasipoti. Tunalisema hili kwa uzito: mjane anayeshindwa kufika mahakamani siku ya pingamizi kwa kukosa nauli hupoteza vilevile kama asiye na haki kabisa.

Mjane asitoke nyumbani kwa kuombwa, kutukanwa wala kwa barua ya ukoo. Kumtoa kunahitaji amri ya mahakama. Lakini akitishiwa kipigo, usalama kwanza: aondoke na watoto, aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kama ameumizwa achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Siku hiyohiyo mtu ampelekee mtendaji maandishi kwamba ameondoka kwa kuhofia usalama na hajaacha makazi yake. Aache kufuli yake mlangoni, jirani aendelee kulima na kuvuna kwa niaba yake, na afisa ustawi wa jamii aarifiwe kuhusu watoto. Wengi hushindwa hapa: wakishalala kwingine wiki tatu kimya kimya, wanaambiwa walihama wenyewe.

Baraza la kata halitoi tena hukumu za ardhi tangu marekebisho ya 2021; kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa hati ya kwenda baraza la ardhi la wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, mtu anaweza kwenda huko hata bila hati hiyo. Mtu akiambiwa baraza la kata "limeamua" atoke, aombe maandishi na aendelee mbele. Na ajue kwamba wasuluhishi wa kata mara nyingi ni jamaa wa watu wale wale. Aende na mtu wa kumsindikiza, ikiwezekana msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao na huduma yao ni ya bure. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imewafikisha wanasheria ngazi ambazo zamani hawakufika, na siku wanapokuja ndiyo siku ya kumpeleka mjane na mfuko wake wa plastiki.

Wakati mume yu hai

Kinga iliyo imara zaidi ni majina mawili kwenye hati. Kijiji kikipimwa na hati za haki miliki ya kimila zikitolewa, mume na mke waandikwe wote. Afisa ardhi akiuliza "shamba la nani", jibu linalotolewa na mwanamume peke yake dakika ile ndilo litakaloamua miaka 30 ijayo. Kamati ya kijiji iwaite wawili pamoja.

Wosia nao husaidia, ila wengi huharibika kwa mashahidi. Kwa Tangazo lilelile la 1963, wosia wa kuandikwa wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Wa asiyejua unahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika na wasiwe warithi. Mke aliyepo nyumbani hushuhudia pia, zaidi ya idadi hiyo. Wosia wenye saini za rafiki watatu wa kazini bila mtu wa ukoo ndio unaopigwa chini kwa urahisi. Ukishakamilika unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, badala ya sanduku ambalo shemeji atalifungua kwanza.

Kwa wasomaji wa Kenya, sheria ni nyingine. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamhesabu mjane kuwa tegemezi wa marehemu bila kuuliza kama alikuwa akitunzwa, na kifungu cha 45 kinafanya kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama kuwa kosa la jinai. Lakini karatasi ya kwanza kule ni barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu, na barua hiyo isipomtaja mjane, anaanza safari akiwa nyuma vilevile. Muhuri umebadilika jina tu.

Nyumba ikiwa imeshachukuliwa

Hata baada ya miezi, kuna la kufanya. Kwanza aende masjala ya mahakama iliyotoa uteuzi, na jina la marehemu na mwaka, aombe nakala ya jalada: maombi, muhtasari wa kikao, barua ya uteuzi. Mara nyingi ndipo anapoona kwa mara ya kwanza kwamba watoto wake wawili hawamo kwenye orodha ya warithi. Kuficha warithi, kudanganya mahakama au kukaa bila kuleta hesabu ni sababu za kuomba uteuzi ubatilishwe. Maombi yataje kasoro kwa namba: mrithi gani hakutajwa, mali gani haikuorodheshwa, Fomu V ilitakiwa lini na haijaja. Malalamiko ya jumla kwamba "amenidhulumu" hayampi hakimu pa kushika.

Pili, kama kiwanja kimesajiliwa, apeleke zuio ofisi ya msajili wa hati kabla shemeji hajakiuza. Kama ni ardhi ya kijiji, apeleke barua kwa halmashauri ya kijiji, ipokewe kwa muhuri na nakala ibaki kwake, ikiomba mauzo yoyote yasishuhudiwe. Mnunuzi aliyelipa na kujenga ni mgumu kumwondoa kuliko shemeji.

Tatu, kikao kiitwe upya. Karibu kila ukoo una baba mdogo mmoja ambaye siku ile alinyamaza kwa kuona aibu kubishana mbele ya kaburi bichi. Balozi, mchungaji au imamu amtembelee kwanza, peke yake, jioni, na orodha ya bati na ng'ombe mfukoni. Muhtasari wa pili, wenye jina la mjane juu na sahihi ya baba mdogo huyo chini yake, ukipelekwa kwenye jalada pamoja na maombi ya ubatilisho, hakimu anakuwa na karatasi mbili za ukoo mmoja za kulinganisha.